Baiskeli Zikae Katikati

Mke wangu alipofariki, tulipomaliza matanga, watu hawakuniuliza mimi nitaishije. Waliuliza mama yake atakaa wapi.

Mama mkwe alikuwa akiishi kwetu, nje kidogo ya Kahama, tangu alipobaki mjane. Chumba chake kilikuwa pembeni ya uwanja, mlango ukitazama upande wake na wetu ukitazama barabara, na tulijenga hivyo kwa makusudi. Kwetu Wasukuma, mwanaume na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, na mmoja hakanyagi pale mwenzake anapolala. Nikimwona anakuja njiani nilipita kando, naye alijifunika khanga na kugeukia majani. Tuliishi hivyo miaka yote kwa amani kwa sababu mke wangu ndiye aliyebeba maneno kati yetu. "Mama anasema dawa ya macho imekwisha." "Mwambie kesho naipitia." Basi. Ukiniuliza leo sura ya mama mkwe ikoje, nitakwambia mgongo wake naujua vizuri zaidi.

Hatukujaliwa mtoto. Nalisema hili mapema kwa sababu lilikuwa na uzito kwenye kikao cha ukoo. Kungekuwa na mjukuu, bibi angebaki na mjukuu wake na hakuna ambaye angefungua mdomo. Bila mjukuu, wazee wa upande wao waliona hakuna tena kinachoniunganisha na yule mama. Alikuwapo mtoto wa kaka yake, mkulima wa tumbaku huko Ushetu, na wazee wakasema huyo ndiye damu yake, amchukue. Mimi nikasema abaki. Watu wakaona ni wema. Haukuwa wema. Niliogopa kurudi kwenye uwanja ambao hakuna mtu anayekohoa.

Mjomba wa marehemu, aliyekuwa akisimamia kikao, akaniuliza swali la haki kabisa.

"Wewe kazi yako iko barabarani. Ukiwa mnadani, nani yuko na huyu mama? Macho yake hata moto hayauoni vizuri."

"Nitakwenda naye."

"Utakwenda naye na gari lipi? Hilo unalolala mwenyewe?"

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja nyuma akacheka kabisa, kisha akaziba mdomo.

"Nitalitengeneza," nikasema.

"Litengeneze. Likiwa na heshima, aende. Likiwa halina, mtoto wa kaka yake atakuja kumchukua wakimaliza kukausha tumbaku."

Hivyo ndivyo lilivyoanza suala la gari.

Kazi yangu ni kuuza baiskeli za mtumba kwenye minada. Nina kipanya cha paa refu ambacho viti vya abiria niliving'oa siku nyingi. Zamani nilifunga baiskeli juu ya paa, lakini kamba zinakula rangi, mvua inakula cheni, na ukilala mnadani unaamka ukikuta kamba zimekatwa. Kwa hiyo kila jioni nilizishusha zote, nikazisukumia ndani, na mimi nikajipenyeza kati ya pedeli nikalala. Nilizoea. Mke wangu alikuwa akiniambia narudi nyumbani na alama za cheni mgongoni kama ng'ombe aliyepigwa chapa. Lakini huwezi kumlaza mama wa watu katikati ya pedeli.

Nilichora sakafu ya gari uwanjani kwa majivu, kwa vipimo vyake halisi, nikazipanga baiskeli ndani ya mchoro. Nilijaribu kuzisimamisha ubavuni mwa gari, moja ikitazama mbele, nyingine nyuma, ili sukani zisigongane. Nilijaribu kuzilaza chini na kitanda kiwe juu yake. Nilijaribu kulegeza nati za sukani na kuzigeuza ziende sambamba na fremu. Kuku walikuwa wakipita wakivuruga majivu, nami nikachora upya. Majirani walisimama wakitazama kwa huruma, wakidhani ni msiba umenipanda kichwani. Sikuwakatalia. Kwa kweli ile kazi ya kupima ilinisaidia, maana mtu anayepima hafikirii kitu kingine.

Nikampelekea mchoro fundi wa kuchomelea mjini, mtu wa pwani, mcheshi, asiyenyamaza hata akiwa amevaa miwani ya kuchomelea.

"Mzee, unajenga gari au gesti ya baiskeli?"

"Vyote."

"Na watu wanalala wapi?"

"Mmoja atalala na mwingine atalala."

"Hapo umenijibu kama mwanasiasa." Akachukua kipande cha chaki, akachora ukutani. "Baiskeli zote zikae ubavu wa kushoto, zimesimama. Ubavu wa kulia tunapiga vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, kama bwenini. Wewe kijana bado, unapanda juu. Bibi chini, asianguke. Umeona? Hata njia ya katikati inabaki."

Nikatazama. Baiskeli zilienea zote, bila kufungua hata gurudumu. Nikasema sawa. Sijui akili yangu ilikuwa wapi siku ile. Nilikuwa nimepima kila usukani na kila pedeli, na urefu wa mama mkwe nilikuwa nimeukisia kwa kumtazama akitembea mbele yangu. Heshima yake sikuwa nimeikumbuka hata kidogo. Mtu wa kwetu akisimuliwa hili hawezi kuamini kwamba mwanaume mzima, mwenye akili, alikaa akaagiza kitanda cha kulala juu ya mama mkwe wake.

Siku gari lilipokamilika nilimleta alione. Alikuja kwa bajaji na kifurushi chake, mimi nikiwa nimetangulia. Karibu na karakana ya fundi kuna mama anauza uji, na mama mkwe akaenda kukaa kwake. Kisha akasimama, akafika kwenye mlango wa gari, akapapasa chuma cha kitanda cha chini, akapandisha mkono, akapapasa cha juu. Akarudi kwenye uji.

"Mayu," akamwambia muuza uji, kama tunavyoita mama kwetu, "kile kitanda cha chini ni cha nani?"

"Chako, bibi."

"Na cha juu?"

Muuza uji akanitazama. Mimi nikatazama tairi.

"Cha mkweo, naona."

Mama mkwe akajifunga khanga vizuri. "Mwambie fundi," akasema, "ahsante kwa kunijengea kaburi la ghorofa."

Fundi akavua miwani. "Kwani bibi, huyu atakuangukia? Chuma hicho kinabeba hata ng'ombe!"

"Nyamaza wewe," muuza uji akamwambia. "Hujui unachokisema."

"Sasa nimekosa nini?"

"Umemlaza mkwe juu ya mkwe, umekosa nini! Kwenu hamna wakwe?"

"Tunao, lakini wanalala usingizi, hawalali mkutano."

Watu wakacheka, na mimi ningecheka kama ningekuwa mtu mwingine. Nilikuwa nimechoka sana. Nilimwona mama mkwe ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa, amenipa mgongo, khanga yake ya msiba imepauka kwenye mabega, na nikajua kwamba akipanda bajaji kurudi, safari yake itakayofuata ni ya Ushetu. Na nisingekuwa na haki ya kumzuia.

Nikamwambia fundi avikate.

"Vyote?"

"Vyote viwili."

Alikata akinung'unika. Mama mkwe alikuwa akisikiliza chuma kikilia, na kilipomaliza kulia akasema, tena kwa muuza uji, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya: "Hizo baiskeli zinafanya nini huko ubavuni? Si zikae katikati."

Nilirudi kwenye majivu. Baiskeli nzima ni ndefu kuliko upana wa gari, haiingii kwa mkingamo. Lakini ukifungua gurudumu la mbele inaingia. Fundi akachomelea bomba mbili ukutani, kulia na kushoto, zenye mahali pa kufunga uma wa mbele kwa nati, baiskeli moja ikielekea huku na inayofuata kule. Magurudumu yaliyofunguliwa tukayatundika kwenye ndoano juu yake, mpaka karibu na paa. Ukawa ukuta wa baiskeli. Nyuma yake, kwenye mlango wa nyuma, kitanda cha mama mkwe, kifupi, cha mkingamo, maana na yeye ni mfupi. Mlango huo ni wake, mimi siugusi. Mbele ya ukuta ni kwangu, na ninalala kwenye viti vya mbele, miguu nimeikunja. Nilipoteza nafasi ya baiskeli kadhaa, na kila jioni nina kazi ya kufungua magurudumu na kila asubuhi ya kuyarudisha. Mjomba wa marehemu alikuja, akalizunguka gari, akasema tutaona.

Tukaanza safari. Hakuna tena wa kubeba maneno, na mimi nilidhani tutasafiri bubu. Tulipoacha lami tu, nikasikia sauti nyuma.

"Wewe baiskeli nyekundu."

Nikatega masikio.

"Mwambie huyo anayeendesha kwamba si lazima aingie kwenye kila shimo. Mengine awaachie wenzake."

Nilikwepa mashimo mengi, nikitafuta namna ya kumjibu. Mwishowe nikasema, nikitazama barabara: "Nyekundu, mwambie mama nimesikia."

Tukaendelea hivyo. Nyekundu ilipouzwa, alizungumza na iliyofuata. Kuna ya buluu ambayo hakuipenda, akaipa maneno machache tu. Wateja walioshika baiskeli wakati yeye yuko ndani walishtuka kusikia inatumwa. "Nyeupe, mwambie mkwe ugali wake uko kwa yule mama wa maharage, asiache upoe." Mteja mmoja akaniuliza kama baiskeli hiyo ina redio.

Sitaki kusema kwamba ilikuwa raha. Mgongo uliniuma, magoti yaliniuma. Yeye vumbi lilimkohoza. Kuna asubuhi nilifunga magurudumu yale nikiwa sina nguvu hata ya kuwajibu wateja, na biashara iliniendea vibaya kwa sababu muuzaji aliyenuna hauzi.

Kuna mchana mmoja pale Segese mvua ilishuka ghafla, mnada ukatawanyika, wachimbaji na wakulima wakakimbilia kwenye vibanda. Mimi nikaingia mbele, yeye alikuwa tayari nyuma. Mvua ilipiga bati la gari kwa nguvu kiasi kwamba ilibidi apaze sauti.

"Nyeusi. Muulize. Mwanangu alipokuwa anamaliza, aliniita?"

Mke wangu alifia hospitali. Mama yake tulimwacha nyumbani kwa sababu ya macho. Mimi nilikuwapo. Tangu siku ile hakuna mtu aliyeniuliza ilikuwaje, waliniuliza tu lini mazishi. Nilitaka sana kusema ndiyo, alikuita. Ni neno dogo, lisingemdhuru mtu. Lakini sikuweza kuiambia ile baiskeli uongo, sijui kwa nini.

"Nyeusi, mwambie hapana. Aliomba maji. Alipoyanywa akasema yana ladha ya chuma. Halafu akalala."

Mvua ikaendelea. Nikafikiri nimeharibu kila kitu. Baadaye sana, ilipopungua, nikamsikia.

"Hata utotoni alikuwa hapendi maji ya bomba," akasema. Na tena, polepole, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja."

Nikashuka kufuta maji kwenye kioo.

Kutoka hapo tulikwenda mpaka Nkome, ziwani, na huko ndiko nilikogundua kosa la mpangilio wangu. Wachuuzi wa dagaa walikuwa wanataka baiskeli za kubebea magunia, na wakanunua kuliko nilivyowahi kuuza kwa siku moja. Mtu mwingine angefurahi. Jua lilipoanza kushuka nikageuka kutazama ndani ya gari, nikaona mpaka nyuma. Ukuta ulikuwa umeuzwa. Zilibaki zile nyembamba zenye gia, ambazo fremu zake hazifichi hata kidole.

Mama mkwe alikuwa ameshaona. Alikuwa ameketi nje, karibu na dagaa waliokuwa wakianikwa, amejifunika khanga mpaka kichwani.

Nikatundika turubai. Upepo wa ziwa ukalipeleka huku na kule, likawa linafunguka kama pazia la mganga. "Gia," akasema mama mkwe alipokwisha kuingia ndani, "naona miguu ya mtu." Nikachukua mkeka nikaenda kulala kwenye baraza la wachuuzi, kati ya magunia, na harufu ile ya dagaa ilikaa kwenye nguo zangu wiki nzima. Nililala hapo nikijua tatizo lenyewe. Kila nikifanikiwa kuuza, yeye anakosa mahali. Na nisipouza, hatuli.

Asubuhi nikaiambia baiskeli kwamba tukirudi Kahama fundi atachomelea bati zima katikati, tumalize.

"Gia, mwambie sitaki bati."

"Gia, muulize kwa nini."

"Bati halina tundu. Nitajuaje kama amekula? Nitajuaje kama analala au anakaa macho? Kwenye baiskeli naona kivuli chake na sioni uso. Hicho kinanitosha."

Kumbe alikuwa akinichunga. Mimi nilidhani mimi ndiye ninayemchunga yeye.

Basi tukakubaliana, kwa kupitia ile ya gia, kwamba mstari wa nyuma hautauzwa. Tulipopata mzigo mpya, akachagua mwenyewe kwa kupapasa. Akachagua zile kubwa nyeusi, nzito, zenye keria pana na kava zima la cheni, kwa sababu ndizo zinazofunika vizuri. Ndizo hizo hizo ambazo kila mkulima wa Usukuma anazitaka. Nilitamani kumwomba achague nyingine. Nikazipanga nyuma.

Mtoto wa kaka yake alitukuta Segese, tumbaku ilipokwisha kukauka. Alikuwa ameniambia kwa simu kwamba anakuja kumwona shangazi yake na, kama mambo si mazuri, kumchukua.

Mnada wa siku hiyo ulikuwa mbovu. Zile za gia hazikuguswa. Mzee mmoja, mfugaji, ndiye pekee aliyesimama kwangu, na alizunguka nyuma ya gari moja kwa moja, akashika nyeusi.

"Hii."

"Hiyo hapana, baba. Tazama hizi."

"Hizo ni za watoto. Nataka hii."

Alirudi mara ya pili, akarudi tena. Kufikia mchana sikuwa nimeuza kitu, na nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa. Nikalegeza nati. Nikaishusha nyeusi moja, nikaiegemeza kwenye gari, na nilipokuwa nafunga gurudumu lake la mbele pikipiki ikasimama.

"Shikamoo shangazi!" mtoto wa kaka yake akaita kwenye mlango wa nyuma.

"Marahaba. Hawajambo huko?"

"Hawajambo." Akaja kwangu, akanishika mkono. Ni mtu mpole. Akachungulia mlango wa ubavuni, akatazama viti vyangu, akatazama ukuta. "Shemeji, mbona hapa pana pengo?"

Kwenye pengo lile ulionekana mgongo wa mama mkwe. Alikuwa amesogea na kuketi hapo, ameliziba kwa mwili wake.

"Nilikuwa nauza," nikasema. Ndiyo ulikuwa ukweli.

Akalitazama lile pengo. Mfugaji naye alikuwa amesimama na fimbo yake, anasubiri baiskeli.

"Nyeusi," mama mkwe akasema, na sauti yake ilikuwa kavu. "Muulize mtoto wa kaka yangu. Amekuja kunichukua na nini?"

Kijana wa watu akatazama kulia na kushoto, hakuwa ameizoea habari ya baiskeli. "Na pikipiki, shangazi."

"Nasikia sauti mbili hapo kwenye pikipiki. Yeye na dereva. Mimi nitakaa wapi? Kwenye taa?"

Dereva wa bodaboda akaangua kicheko. Mtoto wa kaka yake akacheka pia, akijikuna shingo, na nikaona mabega yake yakishuka kama ya mtu aliyetuliwa gunia. Alikuja kwa sababu aliambiwa aje. Nyumba yake ni ndogo, watoto ni wengi, na mke wake, alivyonieleza baadaye, ameelemewa. Hakuwa mbaya. Mama mkwe haoni vizuri, lakini alikisikia kile kicheko cha mtu aliyepata nafuu kama nilivyokisikia mimi, na muda mfupi mgongo wake kwenye lile pengo haukutikisika kabisa.

"Basi shangazi, kama uko salama, tutaona mwakani," akasema kijana. "Nitawaeleza wazee kwamba gari nimelikuta liko vizuri."

"Waeleze," akasema, bila kumtumia mtu wala baiskeli.

Kijana alikaa kidogo, akanywa soda, akaondoka. Sikuhisi kwamba nimeshinda. Nilikuwa nawaza tu kwamba sasa tumebaki wawili kweli, na barabara ya mnada unaofuata ni mbaya.

Mfugaji akagonga tandiko la nyeusi kwa fimbo. "Sasa wewe, unauza au huuzi?"

"Hii siuzi, baba. Samahani."

"Ulikuwa umeshaishusha!"

"Nilikosea."

"Kwani ya nani?"

"Ya mama."

Akaipima kwa macho, juu mpaka chini, fremu ile kubwa. "Mama gani anapanda hii?"

"Nyeusi," ikasema sauti kutoka ndani, "mwambie huyo baba aende zake, anafanya tukae mlango wazi."

Nikalifungua tena gurudumu. Nikainua baiskeli, ikawa nzito kuliko asubuhi, nikaisukuma mahali pake. Mama mkwe akasogea kuipisha. Nikakaza nati, mara ya kwanza ikateleza, mikono ilikuwa imechoka, nikapumzika kidogo, nikaikaza tena.